Kasha la Wakamwana

Mpiga picha wetu wa Tukuyu alikuwa mwongo wa jua. Ungekwenda kwake asubuhi ambayo mlima wote wa Rungwe umemezwa na ukungu, na mvua inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka, akakusimamisha uani, akachungulia juu, akakwambia, "Subiri, jua linakuja." Halikuwa linakuja. Ungesimama nusu saa, shati la sikukuu limelowa mabegani, na kila ukitaka kuondoka angerudia maneno yale yale kwa sauti ya mtu aliyepewa habari za siri. Mwishowe angekupiga hivyo hivyo, na siku ya kuchukua picha, ukilalamika kwamba uso umetoka giza, angekulaumu wewe. "Si ungesubiri kidogo."

Nimeanza na uongo wake makusudi. Mbele huko nitasema jambo nililomtendea, na ni rahisi mkosaji kumpamba aliyemkosea ili toba yake ionekane nzuri. Hakuwa malaika. Alikuwa mbishi, mchoyo wa sukari, na alikuwa na mdomo. Msichana akijibana midomo mbele ya kamera, atamwuliza, "Huo uso umeuazima kwa nani? Karudishe, uje na wako." Mchungaji mmoja aliyekuja na suti mpya alizungushwa mara mbili, akaambiwa suti itatoka vizuri, yeye ndiye hana hakika. Watu walicheka na wakarudi tena.

Watu wa kwao walikuwa wa pwani, washonaji na wauza nguo waliopanda huku zamani. Kinyakyusa alikisema bila woga, kwa lafudhi iliyowafanya bibi zetu wafiche vicheko kwenye kanga. Alivaa kofia ya kufuma na makoti mawili, moja juu ya jingine, akidai kwamba baridi ya Tukuyu haijamzoea. Ijumaa alifunga studio mapema, hata kama jua lenyewe alilolingoja wiki nzima ndiyo kwanza limetoka. Siku nyingine za wiki sikumwona akikimbilia msikiti. Na aliyewapiga picha watu wa wilaya nzima hakukubali kupigwa yeye. Nilipomwuliza sababu, alisema ameshaona inavyofanyika.

Sifa yake hasa ilikuwa vijijini, Suma na Lupepo na kule juu Igogwe, na ilitokana na jambo ambalo wapiga picha waliokuja baadaye na kamera zao za rangi hawakuwa na subira nalo. Kwetu mkamwana humtila baba mkwe wake. Kutila si kuogopa tu. Mwanamke aliyeolewa hamtazami baba wa mume wake usoni, hakai anapokaa, hatamki jina lake, na wakikutana njiani ni yeye anayeingia migombani na kugeuza kisogo mpaka mzee apite. Mama yangu aliishi hivyo na babu miaka yote, nyumba zao zikitenganishwa na uwanja mmoja. Jumapili walisali chini ya paa moja, yeye nyuma kabisa upande wa wanawake, macho kwenye kitabu cha nyimbo. Wasichana wa mjini waliacha siku nyingi. Wanawake wa umri wa mama hawakuacha, na hakuna aliyekuwa anawalazimisha.

Sasa jaribu kuupiga picha ukoo wa namna hiyo. Miaka ile filamu ziliporudi madukani, baada ya muda mrefu wa kukosa mpaka sabuni, kila familia ilitaka picha yake ukutani. Mpiga picha alipanda vijijini na baiskeli, stendi ya kamera imefungwa nyuma. Alipofika aliisimamisha mbele ya nyumba na kuikanyagia udongo miguuni isitikisike. Walianza mzee, wanawe na wajukuu, wakati wakamwana wakiwa nyuma ya nyumba. Akishapiga, alimsindikiza mzee yeye mwenyewe mpaka upande wa pili wa zizi, akahakikisha amekaa na amegeuka, ndipo akarudi na kupiga makofi mawili. Wakamwana wakatoka. Kigoda cha mzee kilibaki pale pale kitupu, hakiguswi. Mpiga picha alikuja na kigoda chake cha kukunja kwa ajili ya mkamwana mkubwa, akakiweka pembeni, akapiga ya pili. Hiyo ndiyo ilikuwa picha ya ukoo: picha mbili, zinazotundikwa katika nyumba mbili.

Watoto tu ndio walioingia zote mbili. Katika zile za kwetu mimi nimo mara mbili, sijaanza shule bado, kaptula imeshikiliwa na kamba ya mgomba. Kwenye ya kwanza nimesimama kulia kwa babu. Kwenye ya pili nipo kati ya mama na kile kigoda kitupu, na mama ameniwekea mkono begani.

Aliporudi mjini na kusafisha filamu, alichukua mkasi akakata katikati ya hizo mbili. Kila moja iliingia bahasha yake ya kaki, na bahasha ziliingia makasha tofauti, yale makasha ya mbao nyepesi yanayotoka viwanda vya chai, ametia mkaa chini kuzuia unyevu. Kasha la wakwe lilikaa karibu na dirisha. Kasha la wakamwana lilikaa karibu na mlango. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajisumbua, maana filamu hazioni. Alinitazama kama mtu anayepima mwanga.

"Wenyewe wamehangaika maisha yao yote wasikutane," alisema. "Mimi nani niwakutanishe kwenye kasha?"

Kwa hiyo wanawake wa kwetu walimpenda. Mama hakuwahi kushuka sokoni Tukuyu bila kumpitishia kichane cha ndizi. "Ugonile, tata," angemsalimu mlangoni, akimwita baba kwa Kinyakyusa, na yeye angepokea zile ndizi na kuzichunguza moja moja. "Hizi umenichagulia, au zimekataliwa sokoni?" Na mama yangu, ambaye nyumbani hakuwa mtani wa mtu, alijibu, "Zimekataliwa na mbuzi, tata, nikakukumbuka wewe." Nilikuwa namsikia akicheka mpaka barabarani.

Mimi nilirudi Tukuyu baada ya kiwanda nilichokuwa karani huko Mbeya kuuzwa na sisi kupunguzwa. Nilifungua kiduka cha kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na stendi ya mabasi. Nilikuwa na kompyuta, printa, na skana ya kusoma filamu, na nilikuwa na majivuno ya kutosha mashine zote tatu. Wakati huo mzee alikuwa amefunga studio. Picha za rangi zilikuwa zinasafishwa Mbeya kwa saa moja, na macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Nilipomtembelea nilifungua bahasha moja nikakuta ukungu mweupe umeanza kula filamu. Nikamwambia anipe makasha niyaingize kwenye kompyuta, kwamba kule hakuna unyevu wala panya.

Alikaa siku kadhaa akifikiri. Kisha akanipa, kwa sharti moja. "Usiyachanganye."

Nimezoea kuwaambia watu kwamba nilidhani anazungumzia mpangilio wa bahasha. Si kweli. Nilimwelewa.

Ile miezi ya kuskani ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyopata kuishi katika mji huu, na hilo nalo linaniuma. Mzee alikuja mchana, akaketi pembeni ya kompyuta asiyoiona, nami nikamweleza kinachotokea kwenye kioo. Nilimwambia kuna bwana ameweka redio mapajani. "Haikuwa na betri," alisema papo hapo. "Alikuwa anatingisha kichwa kama anasikia muziki." Nilimwambia naona viatu vyeusi vyenye kamba nyeupe. Nikaviona tena kwa familia nyingine, na nyingine tena, mpaka tukagundua kwamba kijiji kizima cha Lupepo kilivaa jozi moja siku ile, wakivuliana nyuma ya nyumba kati ya picha na picha. Tulicheka mpaka wateja wakachungulia. Nilimwona baba yangu, ambaye alikuwa ameshafariki, akiwa kijana mwembamba mwenye masharubu ya kujitahidi. Niliusahau kabisa uso ule. Nilijifanya naangalia waya za printa nyuma ya meza, na mzee akangoja mpaka nikamaliza.

Kompyuta haijui kasha. Niliziweka picha zote mahali pamoja, na siku moja, mzee akiwa amebaki nyumbani kwa homa, zile mbili za kwetu zilitokea ubavu kwa ubavu. Mlango ule ule. Kuku yule yule karibu na ngazi. Stendi haikuwa imesogea hata nywele. Niliona nusu mbili za kitu kimoja, nikawahurumia wote waliokatwa na mkasi ule, nikajiona mimi ndiye niliyesomeshwa ili niwaunganishe. Ilinichukua siku mbili. Nilimtoa babu kwenye picha yake, pamoja na mimi niliyesimama kulia kwake, nikamkalisha kwenye kigoda kitupu pembeni ya mama. Mimi nikawa nimetokea mara mbili, kwa hiyo nilijifuta upande wa mama nikajibakiza kulia kwa babu. Nilipojifuta, mkono wa mama uliokuwa begani kwangu ulibaki hewani, kisha ukatua wenyewe juu ya goti la babu.

Niliuona. Nitasema ukweli huo hapa, kwa kuwa sijausema popote. Niliuona ule mkono, nikakumbuka mama alivyokuwa akijitupa migombani akisikia kikohozi cha babu, na nikasema moyoni kwamba hayo yamepita, sisi ni watu wa sasa, na picha imependeza. Chini kabisa, kwa herufi nyeupe, niliandika jina la studio ya mpiga picha. Niliona ni heshima.

Tulikuwa na ibada ya shukrani Suma, mama ameezekewa bati jipya. Wanawake wa kanisa walijaa, mchungaji alikuja, viazi na nyama vilikuwa tayari. Niliitoa picha nikiwa nimeifunga kwa kitenge, kubwa, kwenye fremu ya kioo, nikamkabidhi mbele ya watu wote na nikamwambia aifungue mwenyewe. Alifungua akitabasamu. Akatazama. Kisha akavuta kanga akajifunika kichwa na uso mzima, akainama, akatoka nje akipapasa ukuta, akaingia migombani. Mama mwenye wajukuu. Fremu ilibaki kwenye kiti.

Mama mmoja jirani aliichukua na kuisogeza dirishani. Akasoma lile jina la chini kwa sauti, pole pole.

"Mwe," alisema. "Kumbe huyu tata alikuwa anatuunganisha huko kwenye chumba chake cha giza."

Mchungaji akanigeukia. "Kijana, umeitoa wapi hii?"

"Ni katika picha za mzee wa studio," nilisema.

Kila neno katika jibu lile lilikuwa kweli. Nimelirudia mara nyingi nikitafuta uongo ulipo na sijaupata, na hiyo haijanisaidia. Nikaona kila mmoja wa wale wanawake akifikiria picha yake mwenyewe, ya ukoo wake, na mkono wake.

Hawakuchelewa. Wiki ile ile walianza kushuka Tukuyu wawili wawili kudai filamu zao. Walimwendea yeye, si mimi. Yeye alituma ujumbe dukani, "Wape," bila neno jingine, nami nikawapa bahasha zao wakinishukuru. Wengine walizichoma nyuma ya soko kabla ya kupanda nyumbani. Filamu inaungua vibaya, ina moshi mweusi. Aliyekuwa anaitwa tata na vijiji vitatu akawa mtu wa kupitwa bila salamu, na zaidi ya mmoja alisema hivyo ndivyo walivyo watu wa kuja, unawaamini miaka hamsini na wao wanacheka nawe gizani. Nilisikia maneno hayo dukani kwangu, nikiwa nimeshika fotokopi zao mkononi. Nilizipanga vizuri nikawapa.

Mama aliacha kupeleka ndizi. Alipofariki yule mzee, mwaka uliofuata, mama hakwenda kumzika. Kwetu kutokwenda msibani ni neno zito kuliko tusi, na yeye hajakosa mazishi ya mtu yeyote anayemfahamu. Nilisimama makaburini na watu wa msikitini, wachache, mvua ikinyesha. Mtu mmoja akaniuliza mama yuko wapi. Nikasema miguu inamsumbua.

Lakini ninachotaka kusimulia ni kabla ya msiba, mara ya mwisho nilipokaa naye. Baada ya ile ibada nilikuwa nazunguka njia ya nyuma ya soko nisipite mlangoni kwake. Miezi miwili niliimaliza hivyo. Mwishowe nilikodi mkokoteni nikamrudishia makasha, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi.

Nilimkuta uani na makoti yake mawili. Alisikia mkokoteni akajua ni nini.

"Weka pale," alisema. "La wakamwana limekuwa jepesi?"

"Jepesi, mzee."

Alitikisa kichwa. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Ile ya kwenu. Mwanga ulilingana?"

"Ulilingana."

"Stendi haikusogea," alisema, na nikaona kwamba anajivunia, pamoja na yote.

Nikaanza maneno yangu. Nilifika kama kwenye sentensi ya pili akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Mama yako alikuja hapa zamani, babu yako alipokwisha kuzikwa. Aliomba bahasha ya mkwe wake. Nikampa. Akaiweka mapajani, akakaa hapo ulipokaa. Akaniambia, 'Tata, mimi najua mgongo wake na kikohozi chake. Sura yake siijui. Sasa amekufa. Nikitazama nitakuwa nimekosa?' Nikamwambia hilo si la mpiga picha. Alikaa na ile bahasha mpaka adhana ya alasiri. Akanirudishia haijafunguliwa. Akasema, 'Yeye hakuniahidisha. Niliahidi mwenyewe.'"

Sikuwa nalijua hilo. Nilidhani nimempa mama picha ya familia yake. Kumbe nilikuwa nimemfungulia bahasha ile mbele ya mchungaji na kanisa zima.

"Baada ya ibada yenu alikuja tena," mzee aliendelea. "Alisimama mlangoni, hakuingia. Aliniuliza kama ni mimi niliyefanya. Nikamwambia ndiyo. Nilifanya zamani, nikajaribu mashine, nikasahau kuitupa. Nikamwomba radhi."

"Mzee, kwa nini?"

"Mimi mtu wa kuja. Nikikosa, watasema hakujua mila, watanuna, watazoea. Wewe ukikosa watasema nini? Kwamba mtoto wake hakujua?" Alinielekezea yale macho yake meupe. "Ulijua."

"Nilijua."

"Basi. Ana mtoto mmoja wa kiume tu karibu yake. Mpiga picha atapata mwingine."

Nilipaswa kukataa. Nilipaswa kumshika mkono siku ile ile, kumpandisha gari la Suma, na kumweleza mama mbele yake, kisha kuwaeleza wanawake wote waliochoma filamu zao. Yeye alikuwa amebakiwa na muda mdogo, na jina lake ndilo lilikuwa kitu pekee alichokuwa nacho. Nililijua hilo pia. Lakini aliposema "basi," nilichohisi kilikuwa furaha. Sina jina jingine la kukipa. Nilimwambia, "Asante, mzee," nikatoka mle uani nikitembea haraka.

Jioni nilifika Suma. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Umetoka mjini?"

"Ndiyo, mama."

"Umepita kwa yule mzee?"

"Hapana."

Akamenya mbili zaidi, akazitumbukiza kwenye maji.

"Usiwe unapita," alisema. "Alinidanganya."

Nami nikasema, "Sawa, mama," nikavuta kisu nikamsaidia kumenya.